Kabla ya Foili Palikuwa na Jani

Samaki aliyefungwa kwenye foili hachomwi wala hakaangwi. Anaiva kwa mvuke wake mwenyewe. Mtie sato chumvi, ndimu, nyanya na kitunguu, kunja kingo zote, kisha mweke ndani ya oveni. Maji yake yanageuka mvuke, mvuke unakosa pa kutokea, na baada ya muda nyama inaachana na miiba bila kubishana.

Upishi huu ni mkongwe kuliko foili. Kando ya Mto Kongo, kutoka Kinshasa hadi Kisangani, unaitwa liboke: samaki na viungo vyake hufungwa ndani ya majani mapana, fungo likawekwa juu ya makaa. Jani huungua kwa nje, likahifadhi unyevu wa ndani, kisha hutupwa na kuoza.

Alumini, ambayo leo imechukua kazi ya jani, iliwahi kuwa kitu cha anasa. Hans Christian Ørsted wa Denmark aliitenga mwaka 1825, na mwaka 1855 vipande vyake vilitazamwa kama vito kwenye maonyesho ya Paris. Mwaka 1886 Mmarekani Charles Hall na Mfaransa Paul Héroult, kila mmoja peke yake, waligundua njia ya kuitenga kwa umeme. Bei ikaporomoka. Mwaka 1947 kampuni ya Reynolds ilianza kuuza foili kwa ajili ya majiko ya nyumbani huko Marekani.

Lakini kilichoshuka ni bei tu. Kilo moja ya alumini bado inahitaji umeme wa takriban yuniti 14 kuitenga. Kwa hiyo viwanda vilitafuta mito.

Mmoja ni Volta, nchini Ghana. Kwame Nkrumah alitaka bwawa litakalowasha viwanda vya taifa jipya, na boksiti ya Ghana igeuzwe alumini hukohuko. Bwawa la Akosombo lilikamilika mwaka 1965. Watu wapatao 80,000 walihamishwa, na maji yakafunika vijiji, mashamba na makaburi yao. Nkrumah alizindua mradi Januari 1966. Mwezi uliofuata alipinduliwa. Kiwanda cha kuyeyushia alumini kilijengwa Tema na kampuni mbili za Marekani, Kaiser na Reynolds, hiyohiyo ya foili. Kilichukua sehemu kubwa ya umeme wa bwawa kwa bei nafuu mno, huku malighafi ikitoka ng'ambo na boksiti ya Ghana ikisafirishwa nje.

Kuyeyusha upya alumini iliyokwisha kutumika hula takriban asilimia 5 tu ya nishati ya kutengeneza mpya. Hata hivyo foili ya samaki, ikishapakwa mafuta na kuchanika, mara nyingi huishia jaani. Huko haiozi kama jani.

Simwambii mtu aitupe foili yake. Nataka tu tuache kuiita kitu cha bei rahisi. Ziwa Volta leo linafugwa sato, na mpishi wa Accra anaweza kumfunga mmoja wao kwenye foili bila kufikiri kwamba samaki huyo alikulia juu ya nyumba za watu waliohamishwa ili alumini ipate umeme.