Orodha ya Majina: Udanganyifu katika Misaada ya Maafa Goma, 1994–2025

Katikati ya Julai 1994, mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walipovuka mpaka na kuingia Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, katika muda wa siku chache, mashirika ya misaada hayakuwa na uwezo wa kuwaandikisha mmoja mmoja, kwani kipindupindu na kuhara damu viliua watu wapatao 50,000 ndani ya mwezi wa kwanza. Katika kambi za Kibumba, Katale na Mugunga chakula kiligawiwa kupitia viongozi wa serikali ya Rwanda iliyoshindwa Kigali, nao wakawasilisha orodha zenye majina mengi kuliko watu waliokuwapo, wakauza ziada au kuwalisha askari wao. Shirika la madaktari la MSF, tawi la Ufaransa, liliondoka Novemba mwaka huo huo likikataa kuwaneemesha wahusika wa mauaji ya kimbari ya Rwanda.

Tangu hapo orodha ya walengwa, yaani watu waliokubaliwa kupokea msaada, ndiyo imekuwa mlango mkuu wa wizi, jambo ambalo mtoaji aliye mbali hulidhania kwa nadra, maana yeye huonywa zaidi kuhusu matapeli wanaoiga jina la shirika mashuhuri. Onyo hilo ni la haki, hasa baada ya msiba unaotangazwa duniani kote, kama milipuko ya volkano ya Nyiragongo, karibu na Goma, ya Januari 2002 na Mei 2021. Hata hivyo halimkingi mtu ambaye fedha zake zimefika salama katika shirika la kweli.

Mfano ulio wazi zaidi ulijulikana mwishoni mwa 2018, pale shirika la Mercy Corps lilipogundua kwamba limeibiwa zaidi ya dola 600,000 katika mpango wa kuwafikia haraka wahami wa vita, yaani watu waliokimbia makazi yao bila kuvuka mpaka wa nchi. Wafanyabiashara, baadhi ya viongozi wa vijiji na watumishi wa mashirika yenyewe walishirikiana kukuza taarifa za watu kuhama, kisha wakaandikisha wahami hewa, wakapokea fedha taslimu zilizokusudiwa kwa wenye shida na kugawana. Haraka, ambayo ndiyo iliyokuwa sifa ya mpango huo, iliwafaa pia wezi, kwa kuwa uhakiki wa nyumba kwa nyumba ulifupishwa. Mambo hayo yalipochapishwa na gazeti la mtandaoni The New Humanitarian mwaka 2020, ilibainika kuwa lilikuwa tatizo la mashirika mengi, na shirika lililokiri hasara yake linastahili kuaminiwa kuliko lile linalodai halijapata kuibiwa hata senti.

Alama za vidole na jetoni, yaani kadi ndogo inayobadilishwa kwa mgao, vilipunguza majina yaliyorudiwa, lakini mashine hutambua kidole tu; haiwezi kujua kama mwenye kidole hicho kweli alikimbia vita au aliletwa na mfanyabiashara. Hilo bado hutegemea majirani wanaomfahamu, na majirani hao walitawanyika Februari 2025, pale kambi za pembezoni mwa Goma zilipovunjwa baada ya waasi wa M23 kuuteka mji, na wakazi wengi wa kambi hizo wakarudi katika maeneo ya Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, ambako kazi ya kuandikisha ililazimika kuanza upya.