Ndoo, Pipa na Tanuri

Mwaka niliotoka chuo bila cheti nilianza kutengeneza sabuni ya maji hapa Mtongwe. Ndoo ya lita 20 haikunisumbua hata siku moja. Oda kubwa ilipokuja nikachukua pipa, nikazidisha kila kipimo mara tano, kostiki nikaimwaga yote kwa mkupuo. Moto hakuna, lakini maji yalitokota yenyewe, plastiki ikalegea, na mkono wangu wa kushoto una alama mpaka leo.

Mjomba, aliyekuwa fundi chokaa, aliumwagilia mkono ule maji kitambo kirefu kabla hajasema kitu. Kisha: "Mwanangu, una pupa. Chokaa huachwa."

Alikuwa akisema tanuri. Pwani hii imejengwa kwa matumbawe na chokaa, hata Fort Jesus iliyoanzwa 1593. Mawe yalipangwa juu ya magogo, yakachomwa. Chokaa hiyo mpya ikikutana na maji hutoa joto la kuunguza. Kwa hivyo wazee waliliacha rundo nje kwa miezi, mvua na umande vilizime polepole. Chuoni hili niliandikiwa ubaoni kwa hesabu, nikalala.

Hesabu yenyewe si ngumu. Joto huzaliwa ndani ya mchanganyiko wote, lakini hutokea kwenye kuta tu. Zidisha vipimo vyote vya chombo mara mbili: kilichomo kinakuwa mara nane, kuta mara nne. Joto linalobaki huharakisha mmenyuko, karibu maradufu kwa kila nyuzi 10, nao mmenyuko ukienda mbio hutoa joto zaidi. Ukichelewa kupoza, hapo hushiki tena.

Kosa kama langu lilifanyika pia Jacksonville, Marekani, kwa kipimo cha kiwanda. T2 Laboratories ilikuwa kampuni ndogo ya mkemia na mhandisi, wakipika kiungo cha petroli. Fungu la 42 wakaongeza kipimo kwa theluthi moja. Likatoka salama. Yakafuata mengine zaidi ya mia, salama. Tarehe 19 Desemba 2007, fungu la 175, upozaji ukakwama. Njia ya pili ya kupoza haikuwepo, na tundu la kupunguza presha halikutosha. Karibu nyuzi 200 ukaanza mmenyuko mwingine mkali zaidi, kinu kikalipuka. Watu 32 waliumia na wanne wakafa, mmoja wao yule mhandisi.

Wengi husoma mkasa huu wakauliza kilichoharibika siku ile. Mimi hurudi kwenye yale mafungu mia na zaidi. Manake hata mimi, ndoo ndiyo iliyonidanganya.

Sabuni bado natengeneza. Kostiki naitia kidogo kidogo, na pipa tumepandia sukuma. Mjomba akipita jioni huigusa ndoo kwa nje kwa kiganja, kisha ndio anisalimie.