Rubani Anapovua Magwanda

Askari anaporudi uraiani huwa amebeba vitu viwili. Cha kwanza ni kumbukumbu, ambazo aghalabu hupenda kuziacha zilale. Cha pili ni ujuzi alioupata kwa gharama ya serikali. Wako waliofundishwa kuendesha malori, wako waliofundishwa kufunga majeraha, kujenga madaraja, kutengeneza redio au kupikia watu mia tano kwa mara moja. Wachache sana hufundishwa kurusha ndege. Ujuzi wao ni wa ghali kupita wote, lakini nyumbani hauna matumizi. Fundi wa malori anaweza kufungua gereji chini ya mwembe, lakini rubani hawezi kufungua shirika la ndege uani kwake. Hana budi kumngojea mtu mwingine ampe ndege ya kurusha. Nimefikiri sana juu ya jambo hili, na kila mara mawazo yangu yamenipeleka Marekani, kwa kuwa huko ndiko njia ya kutoka jeshini hadi ndege za abiria ilikuwa pana kuliko kwingineko, na huko ndiko ilikofungwa kwa wengine mchana kweupe.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Marekani ilikuwa na maelfu ya marubani vijana waliokuwa wakivua magwanda. Ilikuwa pia na mashirika ya ndege yaliyotaka kukua upesi. Ndege zenyewe zilikuwa zilezile. Ile ambayo jeshi liliiita C-47, raia waliiita DC-3. Ile iliyoitwa C-54, raia waliiita DC-4. Kijana aliyevusha askari na masanduku ya risasi alihitaji leseni ya kiraia, mafunzo machache ya taratibu za shirika, na sare mpya. Kisha akaendelea na kazi aliyoizoea.

Lakini tusidhani kwamba hapakuwa na la kujifunza. Jeshini rubani hufundishwa kwamba kazi lazima itimizwe, hata ikibidi kuhatarisha roho yake na ndege yake. Katika ndege za abiria mambo ni kinyume chake. Ukungu ukiwa mzito, ageuze arudi. Injini ikitoa mlio asiouelewa, asiondoke. Hakuna nishani kwa ujasiri wa aina hiyo. Tena uraiani kuna foleni. Marubani wa shirika hupangwa kwa tarehe ya kuajiriwa, na nafasi ya mtu katika orodha hiyo ndiyo huamua atarusha ndege gani, atakwenda njia ipi, na lini atapanda kutoka rubani msaidizi hadi kapteni. Vyeo na nishani za vita havimsogezi mtu hata hatua moja. Kwa hiyo anayecheleweshwa mlangoni hacheleweshwi siku hiyo tu. Waliomtangulia watabaki mbele yake maisha yake yote ya kazi.

Ndiyo maana ni muhimu kuuliza ni nani waliocheleweshwa.

Mfano wa kwanza ni wa zamani zaidi. Eugene Bullard, Mmarekani mweusi, alizaliwa Georgia mwaka 1895. Akiwa bado kijana alikimbilia Ulaya, na vita vilipoanza mwaka 1914 aliingia jeshi la Ufaransa. Alijeruhiwa katika mapigano ya Verdun mwaka 1916, na mwaka uliofuata Wafaransa wakamfundisha urubani. Marekani ilipoingia vitani mwaka huohuo na kuanza kuwachukua Wamarekani waliokuwa wakiruka chini ya bendera ya Ufaransa, yeye aliachwa. Miaka mingi baadaye alirudi Marekani, akaishia kuwa mwendesha lifti katika jengo la Rockefeller Center, New York. Mwaka 1959 Ufaransa ilimpa nishani ya Legion of Honour. Mwaka huohuo televisheni ya NBC, iliyokuwa na studio zake katika majengo hayohayo, ilimhoji akiwa amevaa sare yake ya kazi. Aliyewahi kupanda mawinguni akipigana sasa alikuwa akipandisha watu ghorofani. Alifariki mwaka 1961. Jeshi la Anga la Marekani lilimpa cheo cha luteni mwaka 1994, wakati alikuwa kaburini miaka thelathini na mitatu.

Kumwacha Bullard hakukuwa bahati mbaya ya mtu mmoja. Mwaka 1925 chuo cha vita cha jeshi la Marekani kilitoa ripoti iliyodai kwamba mtu mweusi hana akili wala moyo wa kazi ngumu za vita. Ripoti kama hiyo hujilinda yenyewe. Mtu asipopewa ndege hawezi kuonyesha kwamba anajua kuirusha, na kwa kuwa hajaonyesha, hapewi ndege. Duara hilo lilikatwa mwaka 1941, serikali ilipokubali shingo upande kufungua mafunzo ya marubani weusi huko Tuskegee, Alabama. Watano wa kwanza walihitimu Machi 1942, na hadi mpango ulipofungwa mwaka 1946 karibu vijana 1,000 walikuwa wamepata mabawa. Walipigana Afrika Kaskazini na Italia wakiongozwa na Benjamin O. Davis Mdogo, na ndege zao zenye mikia iliyopakwa rangi nyekundu zilisindikiza ndege za mabomu hadi ndani ya Ujerumani. Julai 1948 Rais Truman aliamuru ubaguzi ukomeshwe katika majeshi yote. Kwa maandishi basi, jeshi, ambalo watu hulidhania kuwa la mwisho kubadilika, lilitangulia.

Mashirika ya ndege hayakufuata. Yaliajiri marubani waliotoka vitani kwa mamia, lakini weusi walipoomba waliambiwa nafasi zimejaa, au hawakujibiwa. Mfinyanzi hulia gaeni. Rubani aliyerudi mwaka 1946 akiwa na miaka ishirini na mitano alikuwa na miaka arobaini na miwili kufikia mwaka 1963, na kuanzia mwaka 1960 sheria ya Marekani ilimtaka rubani wa ndege za abiria astaafu akifika sitini. Wengi wa vijana wa Tuskegee hawakushindwa kuruka. Walizeeka tu wakingojea. Na si wao peke yao. Wanawake zaidi ya 1,000 walirusha ndege za kijeshi ndani ya Marekani wakati wa vita, wakizitoa viwandani na kuzifikisha kambini. Kikosi chao kilivunjwa Desemba 1944, na mashirika hayakuwataka kama marubani.

Sasa nimfikie mtu ambaye kwa maoni yangu ndiye kiini cha historia hii. Marlon Green alizaliwa mwaka 1929 katika mji wa El Dorado, Arkansas. Alijiunga na Jeshi la Anga, akapata mabawa yake, akahudumu miaka tisa, mara ya mwisho akiwa Japani. Mwaka 1957 aliacha jeshi akiwa na zaidi ya saa 3,000 za kuruka, nyingi katika ndege za injini zaidi ya moja. Alikuwa na mke na watoto. Alipeleka maombi kwa shirika moja baada ya jingine, na majibu yakawa yaleyale.

Fomu ya shirika la Continental ilikuwa na mahali pa kujaza rangi ya mwombaji na mahali pa kubandika picha. Green aliacha vyote viwili wazi. Akaitwa Denver, Colorado, kufanya majaribio, na akafaulu. Kisha walioajiriwa wakawa wazungu wenye saa chache kuliko zake. Fikiri juu ya fomu ile, msomaji. Ilipokosa jibu kuhusu rangi, saa zake zilitosha kumwita. Kilichobadilika ni kwamba sasa walikuwa wamemwona.

Jimbo la Colorado lilikuwa limetunga sheria mwaka huohuo wa 1957 ya kukataza ubaguzi katika ajira. Green alipeleka malalamiko yake kwa tume iliyosimamia sheria hiyo, na tume ikaona kwamba hapakuwa na sababu nyingine ya kumkataa ila rangi yake, ikaliamuru shirika limpe nafasi katika mafunzo yake. Shirika likakimbilia mahakamani. Halikusimama juu ya hoja kwamba Green hajui kuruka. Hoja yake ilikuwa kwamba ndege hupita majimbo mengi, kwa hiyo sheria ya jimbo moja haiwezi kuliamulia nani arushe. Iliyoegemewa ilikuwa kesi ya mwaka 1878 kuhusu meli ya mto Mississippi, ambapo sheria ya Louisiana ya kukataza kutenganisha abiria kwa rangi ilitanguliwa kwa sababu hiyohiyo. Mahakama za Colorado, ya chini na ya juu, zilikubaliana na shirika.

Kesi ilikwenda polepole kama zinavyokwenda kesi zote, na tumbo halingoji hukumu. Katika miaka hiyo Green alipata kazi ya kurusha ndege ya idara ya barabara ya jimbo la Michigan kwa muda, akahangaika kama anavyohangaika mtu yeyote asiye na kazi ya kudumu. Wakili wake, T. Raber Taylor wa Denver, hakuiacha kesi. Tarehe 22 Aprili 1963 Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ilitoa uamuzi, na majaji wote tisa wakawa upande wa Green. Jaji Hugo Black aliyeandika hukumu alieleza jambo ambalo hata asiyesoma sheria atalielewa. Kumwajiri mtu ni tendo linalofanyika mahali pamoja, hata kama kazi yake itampeleka mbali. Na hofu ya majimbo kugongana kwa sheria imekwisha, kwa kuwa hakuna tena jimbo lenye haki ya kulazimisha ubaguzi. Sheria ya kuukataza itapingana na ipi?

Hapa neno letu wenyewe linanisaidia. Kabla ya kuwako ndege, rubani katika Kiswahili alikuwa mtu wa baharini, yule ajuaye mlango katika miamba, aliyekiongoza chombo hadi bandarini. Nahodha alimkabidhi chombo chake, na waliokuwamo walimkabidhi roho zao, kwa sababu moja tu: aliijua njia. Hakuna aliyeuliza sura yake ingewapendeza abiria. Katika ndege mambo yamezidi hapo, maana abiria hata hamwoni rubani wake. Mimi ni abiria tu, na katika safari zangu zote sijawahi kujua nani yuko nyuma ya mlango ule. Nimeamini kwamba aliyemweka pale alimpima kwa kipimo kinachohusika. Shirika linapomweka kando mwenye saa nyingi na kumchukua mwenye saa chache kwa ajili ya rangi, huwa limemdhulumu yule aliyekataliwa, lakini pia limeivunja amana ya kila aliyekata tiketi.

Mambo yaliyofuata yana uchungu wake. Hukumu ilikuwa ya Green, lakini shirika kubwa la kwanza kufungua mlango likawa jingine, na aliyepita akawa mtu mwingine. Desemba 1964 American Airlines lilimwajiri David Harris, aliyekuwa amerusha ndege za mabomu za B-47 na B-52 katika Jeshi la Anga. Harris alikuwa mweupe wa ngozi, mtu angeweza asimtambue. Yeye mwenyewe aliwaambia waliomhoji kwamba ni mtu mweusi, nao wakamjibu kwamba wanachotaka kujua ni kama anaweza kurusha ndege. Jibu hilo linasikika jepesi. Miaka saba kabla yake halikupatikana Denver, na katikati ya hiyo miaka saba kulikuwa na kesi ya Green. Harris aliruka na shirika hilo miaka thelathini, akastaafu mwaka 1994.

Green naye alianza kazi Continental mwaka 1965, miaka minane baada ya siku ya majaribio yake. Akawa kapteni, akaruka hadi mwaka 1978. Kwa wanawake mlango ulichelewa zaidi: mwaka 1973 Frontier Airlines, pia la Denver, lilimwajiri Emily Howell, naye hakuwa mmoja wa wale wa wakati wa vita, kwani hao walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima wenye wajukuu.

Tunapenda kusema kwamba ujuzi ni mali isiyoibika. Ni kweli hakuna aliyeweza kumnyang'anya Green saa zake 3,000, wala kuwanyang'anya vijana wa Tuskegee mabawa yao. Lakini ujuzi wa aina hii hukaa mikononi mwa mtu mmoja na nafasi ya kuutumia ikakaa mikononi mwa mwingine. Serikali ilitumia fedha nyingi kuwafundisha watu hawa, ikawatuma mahali pa kufia, kisha ikadhani wajibu wake umekwisha siku ya kuwapa karatasi ya kuachiwa. Iliwachukua raia watatu au wanne wakaidi, na kisheria cha jimbo moja la milimani, kuikumbusha kwamba ahadi iliyotolewa kambini inadaiwa hata mjini.

Marlon Green alifariki mwaka 2009. Mwaka uliofuata Continental liliandika jina lake ubavuni mwa ndege yake moja, Boeing 737. Miaka miwili baadaye, kwa kuwa lilikuwa limeungana na United, jina la Continental lenyewe lilifutwa katika ndege zote. Lile la Green bado linasomwa katika vitabu vya sheria.