Lubaina Himid, Mtoto wa Unguja Aliyerudisha Majina



Sisi ni mafundi cherehani wa Kisondela, huku Tukuyu kwenye migomba na mashamba ya chai. Siku moja bi harusi mtarajiwa alituletea doti ya kanga aliyopewa na bibi yake, tumshonee gauni la kuvaa siku ya kwenda kwa wakwe. Tulipima, tukakata, tukashona. Siku ya kuchukua alikuja na bibi yake. Bibi alilipeleka gauni mlangoni penye mwanga, akaligeuza mbele na nyuma, kisha akauliza, "Wajukuu zangu, jina liko wapi?"

Tulikuwa tumelipitisha mkasi katikati. Nusu ilikuwa ndani ya mshono wa ubavuni, na nusu kwenye vipande tunavyofutia mashine. Tuliomba radhi na kurudisha fedha, lakini kanga iliyokatwa haiungiki. Tangu siku hiyo habari ya majina haijatutoka, na ndiyo maana leo tunawaletea historia ya mchoraji mmoja mzaliwa wa Unguja.

Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954. Baba yake, mwenye asili ya Komoro, alifariki kwa malaria mtoto akiwa na miezi minne tu. Mama yake, Mwingereza aliyekuwa mbunifu wa vitambaa, akamchukua wakaenda kuishi London. Binti akakulia katikati ya vitambaa na rangi, na alipokuwa mkubwa akasomea ubunifu wa majukwaa ya maigizo. Miaka ya 1980 aliandaa maonesho ya wanawake weusi wenzake ambao kumbi kubwa za Uingereza hazikuwa zikiwafungulia milango. Baadaye akawa profesa wa chuo kikuu katika mji wa Preston.

Mtu anaweza kusema, mtoto aliyeondoka na miezi minne ana kisiwa gani? Tazameni kazi zake. Ana mfululizo wa picha alioupa jina la Zanzibar. Ana nyingine alizozipanga kama kanga kabisa, yenye pindo, mji na maneno yake chini.

Na kanga, dada zetu, ina historia nzito. Kabla yake, wanawake watumwa wa Unguja na Pemba walivaa merikani, kitambaa kisicho na rangi, au kaniki iliyotiwa rangi ya giza. Wengi wao walitolewa bara, wakiwemo watu wa pande za Ziwa Nyasa, ziwa lililo chini ya milima yetu hii. Walipofika kwa mabwana walipewa majina mapya, kama Faida au Mabruki. Ni majina mazuri, lakini siyo waliyoitwa na mama zao.

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed akatoa amri ya kuondoa utumwa wenyewe visiwani. Wanawake walioachwa huru wakaitupa kaniki wakavaa kanga. Ilikuwa njia ya kusema, bila kufungua mdomo, kwamba sasa na mimi ni mtu. Kanga zikaja kuandikwa maneno, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa hizi za Kirumi. Maneno hayo tunayaita jina la kanga.

Sasa turudi kwa Lubaina. Mwaka 2004 alionesha kazi yake kubwa iitwayo Naming the Money. Ni sanamu 100 za mbao bapa, kila moja na kimo cha mtu, zilizokatwa kwa umbo la binadamu na kupakwa rangi za kung'aa. Mtazamaji anapita katikati yake kama anayepita kwenye umati wa harusi. Wote ni Waafrika waliotumikishwa kwenye majumba ya wakubwa wa Ulaya. Kuna wafinyanzi, washona viatu, wapiga ngoma, wachora ramani na wajuzi wa mitishamba.

Ukizunguka nyuma ya kila sanamu unakuta karatasi ya hesabu, ya aina ile ya kuandikia mali na bei. Juu yake kuna maneno machache ya mtu huyo: jina lake la kweli, jina aliloitwa na bwana, kazi aliyoifanya kwao na kazi anayofanyishwa sasa. Katika daftari la bwana alikuwa fedha. Lubaina amemrudishia jina na ufundi wake.

Mwaka 2017 alipewa Tuzo ya Turner, tuzo inayotajwa sana katika sanaa ya Uingereza. Alikuwa na miaka 63, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata na mshindi mwenye umri mkubwa kuliko wote waliomtangulia. Ilikuwa ni mwaka huohuo walipoondoa sharti la kutozidi miaka 50. Kwa hiyo dada unayedhani muda wako umepita, usikunje mkeka bado.

Kwa maharusi tuna neno moja. Siku ya nikaha utatajwa fulani binti fulani, na ukishaolewa dini yetu haikuvui jina la baba yako. Wale wanawake wa kaniki waliondolewa jina hilo kwa nguvu. Wewe unalo, basi lijue vizuri. Kabla ya kuondoka nyumbani kaa na bibi, na mama, na shangazi, uwaulize majina ya waliotangulia, hasa ya wanawake, maana ndiyo yanayopotea mapema. Yaandike uende nayo.

Nasi dukani tumebadilisha utaratibu. Mteja akileta kanga, kabla ya kushika futi tunaitandaza mezani, tunasoma jina lake kwa sauti, na tunamuuliza anataka likae kifuani, mgongoni au kwenye pindo la chini. Mkasi unafuata baadaye.

Mwenyezi Mungu awajaalie ndoa zenye kheri. Wabillahi tawfiq.