Neema

Huku Shishiyu, mkoani Simiyu, mkulima wa pamba akisema mwaka huu ni wa neema, ujue mvua imenyesha na ghala limejaa. Ndiyo maana ya zamani ya neno hili tulilolipokea kutoka Kiarabu: riziki, wingi, shibe. Kinyume chake ni njaa, ambayo Wasukuma huiita nzala.

Kanisani neno limebebeshwa zaidi: upendo wa Mungu usiolipiwa. Tena Paulo, katika waraka wake wa pili kwa Wakorintho, anaambiwa neema inamtosha angali na mwiba mwilini. Aliomba mara tatu uondolewe.

Hapo ndipo ninapolipenda sana neno hili. Mwaka mmoja wa ukame nilimwona mama akifungua kitambaa na kumgawia michembe jirani yake aliyefiwa. Vilikuwa vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, vya kuhesabika. Akavitenga mafungu mawili sawasawa kwenye ungo, kisha akachota viwili kutoka fungu lake, akaviongeza kwa jirani.

"Ni neema tu, mwanangu," aliniambia.

Mvua ilikuwa haijanyesha.