Neno "Bilulu" na Msiba wa Likasi, 1992–1993

Historia ya Likasi, tangu katikati ya mji hadi Kamatanda, ni historia ya shaba. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, haikupata wafanyakazi wa kutosha karibu na machimbo, ikawatafuta mbali. Reli iliyofika Ilebo mwaka 1928 iliunganisha Katanga na Kasai, na Wakasai wengi wakaja kufanya kazi migodini, relini na ofisini. Watoto wao walizaliwa Likasi, wakakua katika Kiswahili. Wengi waliijua Kasai kwa masimulizi ya wazee tu.

Tarehe 15 Agosti 1992, Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, Mluba wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mwana wa Katanga. Gavana Kyungu wa Kumwanza na chama cha UFERI walikuwa wakihubiri kwamba Katanga ni ya Wakatanga. Wakati huohuo Gécamines ilikuwa ikianguka: shaba yake, iliyozidi tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilishuka chini ya tani 50,000 mwaka 1993. Kazi zilipopungua, mahubiri hayo yalipata wasikilizaji.

Ndipo Wakasai walipoitwa bilulu, yaani wadudu katika Kiswahili cha Katanga. Kiambishi bi- kilimtoa jirani katika ngeli ya watu, yenye ba-, kikamtia katika ngeli ya vitu. Na mdudu hajadiliwi, hufukuzwa. Nyumba zilivamiwa na kuchomwa. Maelfu kwa maelfu walikimbilia stesheni na mashule ya Likasi, wakangoja treni za Kasai kwa miezi, huku njaa na maradhi vikiwaua. Mwaka 1993 msiba ukafika Kolwezi.

Yafaa kukumbuka kwamba waliofukuza na waliofukuzwa walisemezana kwa lugha moja. Mara nyingi Kiswahili husifiwa kuwa lugha ya umoja. Likasi yaonyesha kwamba lugha peke yake haimlindi msemaji wake. Leo wachimbaji wadogo huchimba Kamatanda, na Wakasai wamerudi kufika Katanga kwa wingi. Basi kamusi ya Kiswahili cha Katanga isiliandike bilulu kwa maana ya wadudu tu. Iandike pia mwaka 1992.