PS2 Iliyoongezewa Diski Kuu

PlayStation 2 ilitoka Japani Machi 2000, na zaidi ya milioni 150 ziliuzwa duniani. Katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, kama Komarock na Kayole, nyingi ziliishia kwenye vibanda vya gemu, ambako vijana hulipia kila mechi.

Adui mkubwa wa mwenye kibanda ni vumbi. Linatanda kwenye jicho la leza, CD zinakwaruzika, na mechi inaganda mshambuliaji akiwa ana kwa ana na kipa. (Nani alipie marudio? Huo ni ugomvi mwingine.)

Dawa ya mafundi ni kuipumzisha leza, gemu zisomwe kutoka kwenye diski kuu. Modeli nene ya mwanzo ina pango nyuma, linalotosha diski kuu ya kompyuta ya inchi 3.5. Fundi huchomeka adapta na diski, kisha hutia programu ya Free McBoot, inayofungua njia ya programu zisizo rasmi, kwenye kadi ya kumbukumbu ya MB 8.

Modeli nyembamba ya 2004 haina pango. Flashi hufaa, ila mlango wa USB 1.1 ni wa polepole: video za utangulizi hukwamakwama, na faili inayofika GB 4 sharti ikatwe vipande, maana FAT32 haiibebi.

Hata hivyo, toleo la kwanza la modeli hiyo, SCPH-70000, lilibaki na nukta za IDE, za kuunganishia diski kuu, kwenye bodi. Mwenye mkono mtulivu hulehemu nyaya hapo, mmoja mmoja, nyembamba kama uzi, na kuiweka diski nje ya boksi.